Rafu za Motari, Misumari Yangu

Wacha niseme mapema ili nisionekane mchongezi: Motari hakuwa fundi mbaya. Juu ya meza yake ungeweza kumchinjia ng'ombe na isilie hata mguu mmoja. Nusu ya watoto wa mtaa wetu walizaliwa kwenye vitanda vyake, na vitanda hivyo havijalegea skrubu hadi leo. Shida ya Motari ilikuwa kuta.

Alikuwa Mkisii wa Keroka, Msabato asiyegusa majani ya chai siku yoyote ya wiki, mgane wa miaka sita, mrefu, penseli nyuma ya sikio hata akiwa kanisani. Mwaka ule wa 1995 alikuwa na karakana ya mabati nyuma ya soko la Migori, na kulikuwa na neno alilolipenda kuliko yote: "Shelfu yangu haijawahi kuanguka." Alilisema kwa wateja, akalisema kwa mafundi wenzake, na kama hakuna mtu karibu alilisema kwa mbao. Lilikuwa neno la kweli kabisa, mradi uongeze mwishoni: hapa Migori.

Hayo niliyajua kwa Bochaberi, anayeuza ndizi mbele ya duka langu la ushonaji. Bochaberi naye ni wa Keroka, na siri haijawahi kumkaa tumboni zaidi ya siku mbili. Aliniambia kwamba huko kwao Motari aliweka rafu katika duka la dawa, ikaanguka na chupa zote za dawa ya kikohozi. Akahamia Kisii. Kisii akamwekea kinyozi rafu, ikaanguka na kioo. Akahamia Homa Bay. Homa Bay akamwekea mwalimu mmoja rafu ya vitabu juu ya kiti chake cha kupumzikia, na siku ilipoanguka mwalimu alikuwa amekikalia. Mwalimu alipona, ila Motari hakusubiri kujua. Akaja Rongo, na ya Rongo hata Bochaberi hakutaka kuisimulia vizuri, kwa kuwa ilihusu jikoni kwa mchungaji wao.

"Si ati watu wanamfukuza," Bochaberi alisema. "Ni aibu tu. Shelfu ikianguka leo, kesho amefunga virago. Hawezi kuangalia mtu kwa macho tena."

Nikatazama barabarani. Baada ya Migori kuna Isebania, na baada ya Isebania ni Tanzania. Mji wa kuhamia ulikuwa umebaki mmoja tu, na mimi sikutaka ahame. Sikuwa nimemwambia mtu, na yeye mwenyewe ningemwambia angejikata kidole kwa msumeno. Lakini nilikuwa mjane wa miaka arobaini na miwili, na kila saa nne asubuhi, Motari alipopita kwenda kunywa yale maziwa yake ya moto hotelini, mguu wangu ulisahau kukanyaga cherehani.

Sasa ukuta wenyewe. Duka langu na duka la Kaltum yalikuwa chumba kimoja kikubwa kilichogawanywa katikati. Kaltum alikuwa Msomali wa Isiolo aliyeletwa huku na ndoa, akiuza vikombe, themosi na marashi. Mwenye nyumba wetu alikuwa mzee wa Muhuru Bay aliyewahi kumiliki mashua. Mashua ilipozeeka hakukubali kuitupa. Aliipasua, akatoa mbao za ubavuni, akazipakia kwenye lori hadi Migori, akazisimamisha katikati ya chumba chake na kuzipigilia softibodi pande zote mbili. Softibodi unaijua, ile bodi laini ya dari: ukiisukuma kwa kidole inabonyea kama biskuti iliyolowa chai. Haishiki kitu. Chochote kizito lazima kishikwe na mbao zilizo ndani. Na zile mbao hazikusimama wima. Zilianza vizuri huko juu, kisha kadiri zinavyoshuka zikapinda zote kuelekea mlangoni, jinsi zilivyokuwa zimepinda ziwani.

Nilijua kwa sababu mwaka wa 1993 paa lilivuja, bodi ya upande wangu ikaoza, nikaibandua kwa mikono yangu. Nikakuta mbao bado zina rangi yake ya samawati. Mimi ni nyar Muhuru, binti wa Muhuru, nimekua nikianika omena, wale dagaa wa ziwani, kando ya mashua za aina hiyo. Nikacheka peke yangu, nikapigilia bodi mpya, na misumari ya kutundikia nguo nikaipigilia palepale zilipo mbao. Kwa hiyo misumari yangu ilishuka ukutani katika mistari mitatu iliyopinda. Ilikuwa mibaya kuangalia, nakubali. Lakini ilibeba makoti ya wanaume wanene na hakuna hata mmoja uliochomoka.

Siku moja Motari alikuja kunitengenezea benchi la wateja. Alipomaliza akasimama mbele ya ukuta, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Mama, hii misumari ni nani alikupigia? Alikuwa amelewa?"

"Ni mimi."

Akakohoa. "Basi siku moja nitakuja ninyooshe."

Aninyooshee! Nilikata uzi kwa meno nikanyamaza, na nikaendelea kunyamaza mwezi mzima. Mimi nikikasirika sipigi kelele. Naweka.

Ndipo ikaja habari ya Idil, dada mkubwa wa Kaltum mwenye duka Eastleigh. Idil alikuwa hajawahi kuja Migori. Kila barua yake iliuliza kama Kaltum bado anaishi na samaki. Sasa alikuwa anakuja Jumapili, na Kaltum akaapa kwamba atakuta rafu kama zile za duka lake mwenyewe: rafu zisizo na miguu. Yaani huoni chuma chini wala pembeni, ubao unatoka tu ukutani kana kwamba umemea pale. Alitaka mbili, ya juu ya marashi, ya chini ya seti za vikombe vyenye maua ya dhahabu pamoja na themosi. Motari alipoulizwa kama anazijua, alisema anazijua sana. Hakuwa amewahi kuiona hata moja.

Lakini alikaa akafikiri, na alichofikiria kilikuwa kizuri. Vipande vitatu vya nondo kwa kila rafu, vizame ndani ya mbao za ukuta. Halafu ubao mnene uliotobolewa mashimo nyuma usukumwe juu yake hadi nondo zipotee. Yote hayo niliyasikia nikiwa kwenye cherehani yangu. Softibodi haifichi hata pumzi.

Alhamisi asubuhi akaanza. Kwa rafu ya juu aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, sikio limebanwa kwenye bodi: tupu, tupu, tupu, mbao. Masikio yake yalikuwa mazuri. Akatoboa kwa keekee, akagongelea nondo, zikaingia zikakaa. Kama angegonga hivyohivyo na kwa rafu ya chini, mimi nisingekuwa na la kusimulia. Lakini kwa ya chini hakugonga. Alitoa timazi; niliisikia ikigonga bodi ikishuka.

Mtu aliyejifunzia kazi Keroka anajua kwamba mbao ilipo juu ndipo ilipo chini. Unashusha uzi wenye uzito, unasubiri utulie, unatia alama, basi. Hapo ndipo ilipokuwa shida ya Motari na kuta zote za maisha yake: aliamini kila aliyejenga ukuta alikuwa mkweli kama yeye.

Nilikaa kimya, pini mdomoni. Nilijua kabisa kwamba pale alipotia alama mbao ilikuwa imeshapinda shubiri nzima kuelekea mlangoni. Neno moja lingetosha. Lakini nilikumbuka ile misumari, na nikasema moyoni: aulize. Aulize tu, Nyar Muhuru, kwako mbao ziko wapi. Mimi niko hapa, ukuta ni wetu sote, mdomo anao.

Hakuuliza. Nikasikia keekee inalia, kisha ncha yake ikatokeza kwenye ukuta wangu, ikapita katikati ya sketi ya kwaya niliyokuwa nimeitundika. Ikaja ya pili. Ikaja ya tatu. Halafu zikaja nondo zenyewe, kila moja ikinitolea mkia wa vidole vinne.

"Fundi," nikaita. "Kuna vitu vinanichungulia huku."

Nyundo ikasimama.

"Ni ncha tu, mama. Jumapili nitakata."

"Zimeshika mbao?"

Nikamsikia akiigonga bodi kwa kifundo, mara moja tu.

"Zimeshika."

Motari alidanganya. Mtu asiyekunywa hata chai! Na sauti aliyodanganyia ilikuwa ndogo hivi kwamba ile raha niliyokuwa nikiitarajia tangu siku ya misumari haikuja.

Ijumaa rafu ya chini ilikuwa mahali pake, haina kitu, na hadi saa sita mchana ilikuwa imeinamisha kichwa kidogo, peke yake, bila kuwekewa hata kijiko. Kaltum alikuwa amefunga duka kwa ajili ya swala. Jioni, jua halijashuka, Motari alikuja kwangu na sanduku lake la vyombo vya kazi. Sabato ikiingia hataki kuonekana akibeba nyundo njiani.

"Niwekee hadi Jumapili, mama."

"Weka hapo."

Akaweka. Hakuondoka. Akatazama viatu vyake.

"Huko Isebania," akasema, "watu wako na nyumba nyingi za matofali?"

"Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Siku hiyo ndiyo alijua kuuliza! Alipoondoka nikaliangalia lile sanduku. Lilikuwa limezungushiwa kamba mara nne na kufungwa fundo, namna watu wanavyofunga mzigo wa kupanda lori. Nikajidunga sindano. Niliogopa, nasema ukweli, na nilimkasirikia yeye, halafu nikajikasirikia mimi zaidi. Kwa ajili ya maneno mawili kuhusu misumari nilikuwa nimekaa kimya nikimtazama mtu wangu akijitobolea njia ya kwenda Tanzania.

Jumamosi asubuhi Motari alikuwa kanisani. Kaltum aliingia kwangu mbio, mkononi vikombe viwili vya maua ya dhahabu.

"Walaal, dada yangu, hii kitu inainama! Vikombe vinateleza vyenyewe, nimedaka hivi kwa tumbo! Nimwite fundi?"

"Leo hawezi. Ni Sabato."

"Na Idil anafika kesho!" Akaketi kwenye benchi. "Atacheka mpaka nirudi Isiolo."

"Simama," nikamwambia. "Nahitaji hilo benchi."

Nikafungua kamba ya sanduku la Motari. Kaltum akanikodolea macho.

"Hizo si vyombo za yule Msabato?"

"Ni zake."

"Leo?"

"Mimi ni Mkatoliki. Leo ni Jumamosi tu."

Alicheka hadi akashika ukuta, nao ukabonyea. Kisha akakaza mtandio wake na kuniuliza afanye nini. Nikabandua ubao mmoja wa benchi, mnene wa inchi mbili, kazi ya Motari mwenyewe. Nikapima mikia ya nondo kwa futi yangu ya nguo, nikatoboa mashimo matatu ya kubana kwa keekee yake. Kaltum akarudi kwake, akaingiza bega chini ya rafu na kuiinua.

"Bado!" alipiga kelele kutoka upande wa pili. "Juu kidogo! Hapo, hapo, wallahi hapo! Haraka, bega linakatika!"

Nikausukuma ubao kwenye ile mikia mitatu hadi ukabana ukuta, nikaupigilia kwa misumari ya inchi sita, kupenya bodi hadi ndani ya mbao za mashua. Sikuhitaji kugonga wala kusikiliza. Nilifuata misumari yangu iliyopinda ilikoelekea, na kila nilipopiga niliusikia msumari ukinasa.

Kaltum akaachia. Rafu haikusogea. Akapanga vikombe. Haikusogea. Akajaza themosi zote maji, kumi na moja, akazipanga, na nikamsikia akiisukuma kwa kiganja. Akarudi kwangu akinong'ona, ingawa hapakuwa na mtu.

"Tutamwambia?"

"Tumwambie nani, nini?"

"Kweli," akasema. "Mimi sijaona kitu."

Nikautundikia ule ubao majoho ya kwaya, nikalifunga tena sanduku, na tukacheka hadi Bochaberi akaja kuuliza nani amekufa au ameolewa.

Idil alifika Jumapili saa tano, miwani ya dhahabu, mkoba mkubwa. Sote tulisimama mlangoni kwa Kaltum. Motari alikuja pia, amevaa koti la kanisani. Sutikesi yake alikuwa ameificha nyuma ya ndizi za Bochaberi, na nusu yake ilionekana.

Idil aliibonyeza rafu ya chini kwa kidole kimoja. Kisha kiganja. Kisha, Mungu amsamehe, akaiegemea kwa kiwiko na uzito wake wote, na uzito haukuwa mdogo. Motari alifumba macho. Midomo yake ilikuwa ikienda bila sauti. Vikombe havikulia hata kimoja.

"Nani fundi?"

Motari akafumbua macho, akainua mkono nusu, kama mtoto wa shule asiye na uhakika na jibu.

"Zangu za Eastleigh zimeshaanza kuinama," Idil akasema. "Wewe kuja Nairobi. Shemeji yangu anajenga maduka thelathini. Kazi ya miaka miwili hiyo. Tunaondoka wote Jumanne."

Watu wakapiga makofi. Kaltum akanitazama, nami nikatazama chini. Nilikuwa nimeizuia rafu isimpeleke Isebania, na sasa ilikuwa inampeleka Nairobi. Nikarudi kwangu, nikafunga mlango nusu, nikalia kwa hasira juu ya kitambaa cha mteja.

Jumatatu saa nne alikuja kuchukua sanduku lake. Aliinama, akaligusa fundo la kamba, akalitazama sana. Nilikuwa nimelifunga kwa fundo la fundi cherehani. Kisha akalitazama benchi, ambalo lilikuwa na pengo katikati. Kisha ukuta. Nikaanza kukanyaga cherehani kwa nguvu, na haikuwa na uzi.

Aliondoa majoho moja baada ya jingine, akayalaza mezani. Akauona ubao wake. Akapitisha kidole kwenye vichwa vya misumari niliyopigilia, akaendelea kupanda nacho polepole, hadi kwenye misumari yangu ya nguo, hadi juu kabisa, akaufuata ule mpindo wote.

"Jumamosi?" akauliza.

"Jumamosi."

"Na keekee yangu."

"Na keekee yako."

"Hizi mbao zimepinda."

"Ni boti, Motari. Boti ya Muhuru."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini hukuuliza?"

Akaketi kwenye kilichobaki cha benchi, kwa uangalifu. Alionekana mzee kidogo, na amepumzika.

"Hii shelfu ilianguka tangu Alhamisi," akasema. "Ni wewe umekataa ifike chini."

Nikauliza kwa ukali anaondoka kesho saa ngapi.

"Nimemwambia Idil siendi."

"Una wazimu? Maduka thelathini!"

"Nimemuuliza, hizo maduka, kwa ile upande ingine ya ukuta kutakuwa na nani? Akasema hakuna mtu, ni stoo." Akatikisa kichwa kwa uzito, kama aliyeponea ajali. "Stoo, Marcella."

Hakuwa amewahi kuniita kwa jina. Kisha akainuka, akachukua nyundo na kuisogelea misumari yangu, nami nikasimama na mkasi mkononi, maana kama alikuwa anakuja kuinyoosha ningemwaga damu. Akavua koti. Akalitundika kwenye msumari uliopinda kuliko yote, akalivuta mara moja kujaribu, akaridhika, akapiga magoti kutengeneza benchi.

Kabla hajamaliza, Bochaberi akaingia na ile sutikesi kichwani, amechoka kuizungushia ndizi siku mbili, akiuliza kwa sauti iliyofika hadi stendi kama airudishe karakana au aitupe. Motari akatoa misumari mdomoni. Akanigeukia, masikio yote mawili yamemwiva.

"Nyar Muhuru," akauliza, "iwekwe wapi?"

Nikamwonyesha chini ya meza yangu ya kukatia.